Kupakia na Kutunza Ramani katika Kifaa cha GPS cha Mkononi

Kifaa cha GPS cha mkononi kinapotoka dukani, mara nyingi huwa na ramani ya msingi tu, yenye mipaka ya nchi, miji mikubwa na barabara kuu chache. Anayepanda milima ya Uluguru, au mlinzi wa msitu anayekagua mpaka wa hifadhi, hapati msaada wa maana kutoka kwenye ramani hiyo, kwa sababu vijia, vijito na vitongoji havimo. Maelezo haya yanahusu vifaa vya Garmin vyenye nafasi ya kadi, kama vile eTrex 20, eTrex 30 na GPSMAP 64, ambavyo utaratibu wake unafanana.

Chanzo kizuri cha ramani za bure ni OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Data zake huweza kugeuzwa kuwa ramani ya Garmin kwa programu ya mkgmap, lakini asiyetaka kazi hiyo anaweza kupakua faili ambalo limekwisha kutayarishwa, lenye jina linaloishia kwa .img. Ubora wake hutofautiana kati ya mahali na mahali. Dar es Salaam, ambako mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, utaona hata vichochoro na mitaro. Katika misitu ya mbali huenda ukaona mto mmoja na eneo tupu. Kwa hiyo ikague ramani kwenye kompyuta kwanza, hasa sehemu ile utakayoipita kwa miguu.

Kabla ya kuongeza chochote, unganisha kifaa na kompyuta kwa waya wa USB. Kitaonekana kama diski, na ndani yake mna folda iitwayo Garmin. Nakili folda hiyo yote na uihifadhi kwenye kompyuta. Hatua hii isirukwe kamwe, kwa maana ndani ya folda hiyo mna mafaili ambayo kifaa huyahitaji, kila moja kwa kazi yake, likiwamo gmapbmap.img, ambalo ndilo ramani ya msingi yenyewe, na anayefuta faili asilolijua ili kupata nafasi anaweza kupoteza kitu ambacho ni vigumu kukipata tena.

Ramani unazoongeza ziweke kwenye kadi ya microSD, wala si kwenye kumbukumbu ya ndani. Kadi huingia chini ya betri. Chagua isiyozidi GB 32, kwa kuwa kubwa zaidi ya hapo kwa kawaida huuzwa zikiwa na mfumo wa mafaili ambao vifaa hivi havisomi. Mfumo unaotakiwa ni FAT32, nao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Fungua folda mpya kwenye kadi, uipe jina Garmin, kisha nakili ndani yake faili la ramani. Vifaa vya zamani kama GPSMAP 60CSx husoma faili moja tu, tena lazima liitwe gmapsupp.img. Hivi vya baadaye husoma mafaili kadhaa yenye majina tofauti, kwa hiyo yape majina yanayoeleweka, yenye eneo na mwezi wa toleo, kwa mfano uluguru_2024_06.img. Kunakili kukiisha, amuru kompyuta iachie diski kwanza ndipo uchomoe waya. Faili lililokatika katikati ndilo chanzo cha matatizo mengi.

Sasa washa kifaa na uingie kwenye mipangilio ya ramani, ambako utaona orodha ya ramani zote zilizomo. Jina linaloonekana hapo hutoka ndani ya ramani yenyewe, si jina ulilolipa faili, na ndiyo maana ramani mbili za chanzo kimoja huweza kuonekana kwa jina lile lile. Washa ramani moja tu ya barabara na njia, uzime nyingine zinazogusa eneo hilo. Zikiwaka pamoja, moja huifunika nyingine, na unaweza kuamini kwamba kijia hakipo ilhali kimefichwa tu. Ramani ya kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ni tofauti: ikiwa imetengenezwa kwa namna ya kuonyesha kilicho chini yake, hukaa juu ya nyingine bila kuifunika, na kwa mtu wa milimani ni bora mno iwe imewashwa.

Wengi wetu tungependa pia kutumia karatasi za zamani za ramani za vipimo vya 1:50,000. Inawezekana: karatasi hupigwa picha, hupachikwa mahali pake kwa kompyuta, huhifadhiwa kama faili la KMZ, yaani faili linalobeba picha pamoja na mahali pake kwenye ramani, na kuwekwa katika folda ya CustomMaps iliyo ndani ya folda ya Garmin. Hapa umakini unahitajika sana. Karatasi nyingi za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo (utaratibu wa kuhesabu latitudo na longitudo) uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84, na tofauti kati ya misingi hiyo miwili katika eneo letu ni takribani mita 300. Anayesahau kubadili msingi huo atajiona yuko ng'ambo ya bonde ambalo hajalivuka. Aidha picha hizi hugawanywa vipande, na vifaa vingi vya aina hii havipokei zaidi ya vipande 100, kwa hiyo chukua sehemu unayoihitaji tu.

Toleo jipya la ramani likipatikana, ondoa la zamani kabla ya kuweka jipya, kwa kuwa matoleo mawili yenye namba moja ya utambulisho hugongana na moja likatoweka kwenye orodha. Wanaotumia kompyuta za Mac wakumbuke kumwaga pipa la taka wakati kadi ingali imeunganishwa. Vinginevyo faili lililofutwa huendelea kukalia nafasi yake.

Kifaa kikikwama wakati wa kuwaka, toa betri, kisha kadi, urudishe betri na ukiwashe tena. Kikiwaka bila kadi, tatizo limo katika ramani uliyoongeza au katika kadi yenyewe: yafute mafaili ya ramani, yarudishe moja baada ya jingine huku ukikiwasha kila mara, na lile linalokikwamisha ulipakue upya.