Mafuta ya arnika: ya kupaka, si ya kunywa

Nianze na onyo, maana wapo wanaosoma nusunusu: arnika hainywewi. Ina helenalini, sumu inayochoma tumbo na kuvuruga moyo. Wala usiipake kwenye kidonda, jichoni au mdomoni.

Ni ua la njano la milima ya Ulaya, kama Alps na Carpathians, jamaa ya alizeti. Huko wamelitumia tangu zamani kwa damu iliyovilia na viungo vilivyoteguka. Yapo maua mengi yanayofanana nalo. Mimi hutazama majani ya shina, hukaa mawili mawili yakitazamana. Nchi kadhaa zimelilinda, kwa hiyo natumia yaliyolimwa tu.

Mara ya kwanza nilianika vichwa vizima. Siku chache baadaye vikafumuka kama pamba, mbegu zikapeperuka chumba kizima. Nilizipata hadi ndani ya viatu! Sasa navichambua vikiwa vibichi, ndipo naanika kivulini hadi vikishikwa vivunjike. Unyevu kidogo tu, mafuta yanaota ukungu.

Gramu 20 za maua makavu, gramu 100 za mafuta ya zeituni, chupa ya kioo, wiki nne mahali penye joto. Tikisa kila siku (mimi husahau, na bado yanatoka). Chuja kwa kitambaa, hifadhi gizani.

Jaribu tone moja upande wa ndani wa mkono, usubiri siku nzima. Wenye mzio wa maua ya jamii hii hutoka vipele. Ukiwa salama, paka mara mbili kwa siku. Ngozi ikianza kuwasha, acha.