Koti la jukwaani: lisikilize kabla ya kulipia

Kwa wenzangu tunaoandika tamthiliya na kujitafutia wenyewe mavazi ya waigizaji: ukichambua makoti ya mitumba pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, usiishie kukagua zipu na kola. Shika mkono wa koti, usugue ubavuni mwake karibu na sikio. Likilia kwashakwasha, liache, hata kama ni bei ya kutupa. Nimelijua hili juzi mazoezini: mama anamuaga mwanawe kwa sauti ya chini, na kila akiinua mkono waliokaa nyuma wanasikia nailoni, hawasikii sentensi niliyoihangaikia wiki nzima. Ukumbi usio na maikrofoni hausamehi. Sufu na pamba nzito hukaa kimya, na koti hilohilo utalivaa mwenyewe kwenye baridi ya Juni hadi Agosti. Mimi hununua Oktoba, joto likishapanda, kwa kuwa hapo muuzaji hulegeza bei kuliko kubaki na furushi.

Ila kusugua mkono peke yake kuna wakati hakutoshi. Kuna makoti ya sufu yenye bitana laini ndani ambayo hulia ukitembea tu, kwa hiyo livae, piga hatua tano, kaa, inuka. Na kama igizo ni la msimu wa mvua chini ya bati, usihangaike na kitambaa. Hapo andika mazungumzo mafupi na uwasogeze waigizaji mbele.