Vyeti juu, swichi chini
Mnaokaa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, masika ya Machi hadi Mei yasiwakute vyeti viko chini ya godoro. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya kliniki ya mtoto, hati ya nyumba: vitieni vyote kwenye bahasha ya plastiki, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati. Vipigeni picha pia, mmtumie ndugu anayekaa mbali na bonde. Kuvitafuta upya ni mateso.

Maji yakianza kupanda, zimeni swichi kuu ya umeme sakafu ikiwa bado kavu. Mkishakanyaga maji, msiiguse kabisa. Na jamani, msivuke maji yanayokimbia yaliyofika magotini. Yanamwangusha hata mtu mzima. Zimamoto na uokoaji ni 114.