Episodi imeisha, sasa andika: namna ya kutoa maoni ya The Bold and the Beautiful watu wakakuelewa

Jamani kuna watu wanaangalia The Bold, ile tamthilia ya Marekani ya familia ya Forrester, kila siku, wanajua nani kazaa na nani tangu enzi za Stephanie mama yake Ridge, wanajua Brooke kaolewa na Ridge mara ngapi na kaachwa kwa sababu gani, ila episodi ikiisha wakitaka kusema neno unakuta wameandika tu "Hope mjinga" basi wamemaliza. Mi naona huko ni kujinyima kabisa, maana nusu ya utamu wa hii tamthilia uko kwenye kuijadili, na ukiijadili vizuri hata episodi ya kesho utaiangalia kwa jicho jingine. Hapa naeleza ninavyofanya mimi na ninavyoona wanafanya wale mashabiki ambao ukisoma maoni yao unatamani kujibu.

Tuanze na muda kwanza maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Marekani inarushwa na kituo cha CBS Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa saa za New York inaingia saa saba na nusu mchana, kwa sisi wa Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili na nusu usiku wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, wakirudisha saa nyuma mwezi wa kumi na moja inakuwa saa tatu na nusu. Sasa sio kila mtu anaiona siku hiyo. Kuna wanaoisubiri ipande mtandaoni, na kuna nchi ziko nyuma kwa miezi mingi, mfano Italia ambako wanaiita Beautiful tu na wanaipenda kufa. Kwa hiyo ukiandika, mstari wa kwanza taja tarehe ya episodi na uweke neno spoila, yani onyo kwamba unafichua kilichotokea, alafu acha nafasi kidogo ndio umwage. Usiweke jina la aliyekufa au aliyefufuka kwenye mstari wa kwanza, tafadhali sana, kuna mtu alikuwa kazini siku nzima anaisubiri hiyo dakika moja na we unaimaliza kabla hajavua viatu.

Ukiwa unaangalia usiandike chochote. Episodi ni fupi, ukitoa matangazo ni kama dakika ishirini tu, na hawa waandishi wana tabia ya kuweka jambo kubwa kwenye sura ya mtu na sio kwenye maneno, kamera inabaki kwa Steffy, binti wa Ridge, sekunde tano anatazama pembeni na hapo ndio kila kitu. Ukiwa umeinamia simu umeikosa. Angalia mpaka mwisho, ikiisha jiulize mambo mawili tu: nani leo amejua kitu ambacho jana hakukijua, na nani amedanganya. Karibu episodi zote za maana zinasimama hapo, na ukishayapata hayo mawili tayari una maoni ya kuandika, hujaanza hata kutafuta maneno.

Sasa nichukue mfano mmoja nikae nao, ule wa mtoto Beth, maana sijaona stori iliyogawa mashabiki kama ile na inafundisha kila kitu. Kwa ambao hawakuwepo, Hope, binti wa Brooke, alijifungua kisiwani Catalina, usiku wa dhoruba, daktari Reese Buckingham ambaye alikuwa na madeni ya kamari akamwambia mtoto amefariki. Mtoto alikuwa hai. Akamuuza, akamtumia Flo ajifanye ndio mama mzazi, Taylor, mama wa Steffy, akatoa hela akidhani anamsaidia binti yake kupata mtoto wa kulea kihalali, na Steffy akamchukua akamwita Phoebe. Steffy hakujua lolote. Hope akawa anambeba mtoto wake mwenyewe mikononi kama mtoto wa mwenzie na kulia. Hiyo ilienda zaidi ya nusu mwaka, kutoka mwanzoni mwa 2019 mpaka Julai, na siri walikuwa nayo Flo, Zoe binti wa yule daktari, Xander, baadaye Thomas kaka wa Steffy naye akaijua akaificha kwa sababu anamtaka Hope, Emma alipotaka kwenda kusema akafa kwenye ajali ya gari huku Thomas akiwa nyuma yake. Mwishoni aliyesema ni mtoto mdogo Douglas, mwana wa Thomas.

Siku ukweli ulipotoka watu walilipuka, na maoni yalikuwa ya aina mbili. Kuna yale ya "hatimayeee" na machozi, ambayo ni halali kabisa, mtu amesubiri miezi saba ana haki ya kupiga kelele. Na kuna yale yaliyokuwa yanaingia ndani, mtu anasema nimefurahi kwa Hope lakini nimeshindwa kumwangalia Steffy, kwa sababu yeye hakuiba mtoto, amelea kwa moyo wote, na leo anaambiwa umrudishe. Hayo ndio maoni yaliyokaa kichwani mwangu. Mtu hakuchagua upande kwa haraka, alikubali kwamba wanawake wawili wameumizwa na mwanaume mmoja aliyekimbia, yule daktari, na akalisema hilo kwa kutaja kitu alichokiona: Steffy anavyoagana na mtoto, anavyomkumbatia, Hope anavyoshindwa kufurahi wazi mbele yake.

Kwa hiyo ukitaka maoni yako yabaki, shika sehemu moja tu ya episodi uielezee. Sio episodi nzima, wote wameiona. Badala ya kuandika "Steffy ameact vizuri sana leo nimelia", andika kitu kama: "Pale Steffy alipoambiwa Phoebe ni Beth, hakupiga kelele, aliuliza tena kwa sauti ndogo kama hajasikia, mi hapo ndio nikavunjika, kwa sababu mtu akiambiwa jambo la hivo akili inakataa kwanza." Hata kama msomaji ni wa upande wa Hope atakujibu, kwa sababu umempa kitu cha kushika.

Kingine, na hiki ndicho ninachokijali kuliko vyote, jua lawama yako unampelekea nani. Kuna mhusika, kuna mwigizaji, kuna mwandishi, hao ni watu watatu tofauti na mashabiki wengi wanawachanganya. Kama unaona Thomas ni katili, hiyo ni ya mhusika, mseme unavyotaka ndani ya stori. Kama unaona haiingii akilini watu watano wajue siri ya mtoto na hakuna anayetubu kwa miezi yote hiyo, hapo unaongea na waandishi, na mwandishi mkuu ni Bradley Bell, mtoto wa William na Lee Phillip Bell walioianzisha hii tamthilia mwaka 1987, yeye ndio unampelekea hoja ya kwamba stori imevutwa kupita kiasi. Mwigizaji anapewa maneno anayasema. Matthew Atkinson aliingia kama Thomas mwanzoni mwa 2019, yani alikabidhiwa mhusika katikati ya moto, na kama ulimchukia Thomas mpaka ukashindwa kula basi huyo kijana alifanya kazi yake sawasawa. Kwenda kwenye ukurasa wa mwigizaji kumtukana, kumtajia watoto wake, kumtakia mabaya, hapana. Hapana kabisa. Mtu huyo ana mama yake anasoma. Ukitaka kumwandikia mwigizaji wa mhusika mbaya, mwambie ni sini gani, yani kipande gani, ilikutisha, hiyo kwake ni sifa.

Hapo hapo niseme kuhusu kubadilishwa waigizaji, maana kila ikitokea watu wanakuwa wakali. Ridge alikuwa Ronn Moss tangu episodi ya kwanza mpaka 2012, alafu Desemba 2013 akaingia Thorsten Kaye, sura tofauti, sauti tofauti, watu wakasema huyu sio Ridge na mpaka leo wapo wanaosema. Taylor tulimzoea Hunter Tylo, mwaka 2021 akaja Krista Allen, baadaye Rebecca Budig. Ushauri wangu: wiki mbili za kwanza usiandike hukumu. Andika unachokiona tu, anamwangaliaje Brooke, anasimamaje akiwa na Steffy, kuna umama pale au bado. Baada ya hapo sema unavyotaka, utakuwa na mifano.

Kuhusu timu, yani wapenzi ambao shabiki anawashangilia. Majina ni haya, Lope ni Liam (baba wa Beth) na Hope, Steam ni Steffy na Liam, Bridge (Brooke na Ridge) na Tridge (Taylor na Ridge) ndio vita vya miaka yote, Sinn ni Steffy na Finn, Thope ni Thomas na Hope, na wengineo. Kuwa na timu sio kosa, mi nina yangu na siifichi, ni Bridge, niseme tu ili ukisoma ujue natokea wapi. Na ndio hivo hivo nakushauri, taja timu yako mapema kwenye maoni, watu wanakuamini zaidi. Kinachoharibu ni pale timu inapokufanya usione. Chukua 2022, Thomas alitumia programu ya kwenye simu kuigiza sauti ya Brooke akapiga simu kwa watu wa ustawi wa jamii kujishtaki mwenyewe, ili Ridge, baba yake, aamini Brooke ni mnafiki, na Ridge akaamini, akamwacha Brooke akapanga kumuoa Taylor. Ukweli ukatoka siku ya harusi yenyewe, Novemba, Steffy akausema mbele ya watu. Watu wa Bridge tulishangilia, sawa, lakini yule Taylor na gauni lake la harusi hakufanya kosa lolote, na shabiki wa Bridge aliyeweza kuandika hilo siku ile alisomwa na pande zote mbili. Alafu angalia kilichofuata, Brooke na Taylor wakakubaliana wote wamwache Ridge wawe marafiki, ambacho nadhani ni moja ya vitu bora walivyowahi kuandika kwa hao wanawake wawili, na wengi hawakukifurahia kwa sababu walikuwa bado wanahesabu magoli.

Alafu elewa kalenda yao. Marekani kuna miezi ambayo watazamaji wanahesabiwa kwa makini zaidi ili bei za matangazo zipangwe, Februari, Mei, Julai na Novemba, na ndio maana siri zinalipuka miezi hiyo, Beth Julai, harusi ya Taylor Novemba. Ukiijua hiyo hutaandika kwa hasira mwezi wa tisa kwamba stori imelala, utajua wanapanga kuni. Na episodi zinarekodiwa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo ukiandika leo "kesho Hope asimsamehe" umechelewa, kesho ilisharekodiwa. Kama una ombi, liandike kwa mambo ya mbele: tunataka kumuona Hope akiwa na kazi yake kwenye Forrester Creations, kampuni ya mitindo ya familia, tunataka Taylor apewe stori isiyo ya Ridge. Maombi ya namna hiyo yakirudiwa na watu wengi, kwa heshima, yana uzito. Mashabiki wa hizi tamthilia za mchana wana historia, kituo cha ABC kilipotangaza 2011 kwamba kinazifuta All My Children na One Life to Live watu waliandika na kupiga simu mpaka kampuni ya Hoover, wale wa mashine za kufagia, ikaondoa matangazo yake kwenye kituo kwa kuwaunga mkono. Zilifutwa bado, iliuma sana, ila 2013 zilirudi mtandaoni kwa muda, na zisingerudi kama watu wangenyamaza.

Ijumaa andika mapema kidogo kuliko siku nyingine, kwa sababu wanamalizia pabaya makusudi na una wikiendi nzima ya watu kubuni. Ubunifu ni mzuri, ila uandike wazi kwamba ni ubashiri wako, mtu mwingine asiuchukue akaupeleka mbele kama habari.

Na usimdharau mgeni. Wengi huku kwetu wametoka kwenye telenovela, wamezoea stori inayoanza na kuisha, mbaya anafungwa au anakufa, wapendanao wanaoana, kwisha. Hii haina mwisho, tangu 1987, kwa hiyo mtu akiingia katikati akiuliza Sheila ni nani msimcheke wala msimwambie akatafute mwenyewe. Mjibu kwa kifupi hivi: Sheila Carter ni nesi aliyetokea kwenye The Young and the Restless, huko aliwahi kuiba mtoto wa mwanamke mwingine, akahamia huku 1992 na anaigizwa na Kimberlin Brown tangu mwanzo. Ndiye mama mzazi wa Finn, mume wa Steffy, na Aprili 2022 alimpiga risasi Finn alipojitupa mbele kumkinga mke wake, akampiga na Steffy mwenyewe, wote wakapona. Baadaye akajikata kidole cha mguu ili polisi waamini ameliwa na dubu. Kwa hiyo mgeni wetu, ukimuona anabisha hodi mahali popote, anza kuogopa hapo hapo, alafu njoo utuandikie ulichokiona.