Jinsi ya kufuatilia historia ya kampuni ya simu bila kudanganywa na bango

Kabla hujaandika hata sentensi moja, chukua daftari kubwa uchore safu tano: mwaka, jina lililokuwa kwenye bango, jina lililosajiliwa, wenye hisa, na mahali ulipoipata habari hiyo. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka, kisha wakiulizwa "nani amesema?" wanabaki kukuna kichwa.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa mjini. Kupekua faili za kampuni ndiyo kazi inayonilisha, tangu zama za kupiga foleni Sheria House, Nairobi, kwenye ofisi ya msajili wa kampuni, hadi leo ambapo mengi yanafanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali ya Kenya. Wanafunzi wa chuo wakiambiwa waandike historia ya kampuni fulani, wengi huishia mezani pangu, na karatasi zao hufanana: "Airtel ilianzishwa Kenya mwaka 2010." Basi tuanze na hiyo Airtel, maana ukiiweza hiyo, nyingine hazitakusumbua.

Mtafute mtu mzima yeyote mwenye laini ya 0733 na umuulize aliinunua kwa nani. Atakwambia KenCell. Kampuni hiyo ilipata leseni mwaka 2000, ikamilikiwa kwa ubia wa Vivendi ya Ufaransa na kundi la Sameer la marehemu Naushad Merali. Mwaka 2004 Vivendi ikatoka, ikaingia Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan. Mwaka 2005 Celtel nzima ikanunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain, na mwaka 2008 mabango ya Nairobi nayo yakageuka Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikanunua biashara ya Zain barani Afrika, ukiondoa Sudan na Morocco, kwa dola bilioni 10.7. Majina manne, rangi nne, na muda wote huo mwenye 0733 hakubadilisha laini. Kilichokuwa kikibadilika ni jina na wenye mali. Kwa hiyo kwenye daftari lako huyu ni mtu mmoja aliyebadilisha majina, usimwandike kama watu wanne.

Sasa angalia tarehe, maana hapo ndipo wengi huanguka. Ununuzi mmoja huwa na tarehe tatu: siku ya kutia saini, siku ya kukabidhiana, na siku ya kupandisha bango. Bharti na Zain walitia saini mwezi Machi 2010, wakakamilisha Juni, na jina la Airtel likatokea Kenya mwezi Novemba. Tofauti hiyo ina uzito wake. Agosti mwaka huo bei ya kupiga simu ilishushwa ghafla hadi shilingi 3 kwa dakika, na vita vya bei vikawaka. Ukisoma bango, utasema ni Zain iliyofanya hivyo. Ukisoma hisa, utaona ni Bharti, ambayo tayari ilikuwa imeshika usukani. Na ukifungua maamuzi ya CCK, iliyokuwa msimamizi wa sekta, utaona kwamba ilikuwa imetoka tu kupunguza ada ambayo mitandao hulipana kwa simu zinazovuka kutoka mmoja hadi mwingine. Hayo matatu yakae pamoja kwenye simulizi lako.

Mpwa wangu aliniuliza, "Sasa mjomba, kati ya hizo tatu niandike tarehe gani?" Nikamwambia, "Ziandike zote, mama, na kila moja useme ni ya nini."

Safaricom ni kinyume chake kabisa: bango halijawahi kubadilika, lakini ndani kumehamwa na kuhamiwa. Ilianza kama idara ya Shirika la Posta na Simu, ikasajiliwa kama kampuni mwaka 1997, na mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40. Serikali ikabaki na 60. Kisha mwaka 2008 Serikali ikauza robo ya kampuni kwa wananchi: hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja. Waliokuwa Nairobi wakati huo wanakumbuka foleni za mawakala wa hisa, na pia wanakumbuka walivyoomba hisa nyingi wakagawiwa kidogo. Serikali ikashuka hadi asilimia 35.

Ile 40 ya Vodafone isikupite haraka. Vodafone ya Uingereza haikuzishika hisa hizo moja kwa moja, ziliwekwa mikononi mwa kampuni nyingine iitwayo Vodafone Kenya. Mwaka 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 87.5 ya hiyo Vodafone Kenya. Mwanafunzi mvivu ataandika kwamba Vodacom ilimiliki asilimia 87.5 ya Safaricom, na nimeyaona hayo kwa macho yangu. Shika kalamu upige hesabu: asilimia 87.5 ya 40 ni 35. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya Vodacom, na ile 5 iliyobaki ikakaa na Vodafone yenyewe. Kila ukikuta kampuni ndani ya kampuni, zidisha hivyo, tabaka kwa tabaka, kama unavyomenya kitunguu. Machozi pia yapo: miaka ya nyuma ndani ya Vodafone Kenya kulikuwa na mbia aitwaye Mobitelea Ventures, kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey huko Ulaya, na Wabunge walitaka sana kujua wenyewe ni akina nani. Ripoti za kamati za Bunge ni mahali pazuri pa kusoma mambo ya namna hiyo, kwa sababu watu hujibu maswali huku maneno yao yakiandikwa.

Hizi habari zinapatikana wapi? Kwa kampuni ambayo haijaandikishwa soko la hisa, omba CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen. Itakupa wakurugenzi na wenye hisa wa sasa, wala haitakusimulia ya zamani. Kwa ya zamani, fungua Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, ambamo matangazo ya leseni hujitokeza. Matoleo ya miaka mingi yamo mtandaoni, lakini nakushauri ufike pia Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue uyapekue magazeti ya wakati huo. Tangazo la biashara la ukurasa mzima hukueleza siku hasa ambayo jina jipya lilitolewa hadharani.

Kampuni iliyoko sokoni ni rahisi zaidi. Tafuta kile kitabu cha mauzo ya hisa ambacho mawakili hukiita prospekta. Naipenda kuliko ripoti za kila mwaka, kwa sababu ndani yake kampuni hulazimika kusema madeni, kesi na hatari zake. Ripoti ya mwaka ina picha za watoto wanaocheka. Kumbuka tu kwamba mwaka wa hesabu wa Safaricom huisha 31 Machi, usije ukachanganya faida ya miaka miwili.

Kama kampuni ya hapa haipo sokoni, nenda kwa mzazi wake. Airtel Africa iliingia soko la hisa la London mwaka 2019, Vodacom iko Johannesburg, na Orange, iliyokuwa mzazi wa Telkom Kenya, iko Paris. Wazazi hao hulazimika kutangaza mambo ambayo mtoto angeyanyamazia.

Telkom Kenya nitaipitia upesi, ingawa ina mikunjo mingi. Ilizaliwa mwaka 1999 Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa sehemu tatu: Posta, Telkom na CCK. France Telecom ikanunua asilimia 51 mwishoni mwa mwaka 2007, jina la Orange likaja mwaka 2008, wawekezaji wa Helios wakaingia baadaye, na mwaka 2017 bango likarudi kuwa Telkom. Mpango wa kuungana na Airtel ulitangazwa Februari 2019 ukafa Agosti 2020. Andika na ndoa zilizovunjika, maana zinaeleza kwa nini kampuni ilikaa miezi mingi ikisubiri.

Jambo moja husahauliwa karibu na kila mtu: mwenye kampuni si lazima awe mwenye teknolojia. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, lakini jina na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ilikuwa ikilipa ada kuvitumia. Hadi mwaka 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Ni mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom zilipoinunua pamoja. Kwa hiyo ongeza safu ya sita kwenye daftari: teknolojia ni ya nani.

Na kampuni ikifa, uliza nani alirithi nini. Yu, kampuni ya simu ya kundi la Essar la India, ilifunga virago mwaka 2014. Wateja wakaenda Airtel, minara na mitambo ikaenda Safaricom. Ukiandika kwamba "ilinunuliwa na Airtel" umesema nusu, na mkaguzi wa kazi yako akiwa mtu wa sekta atakukamata hapo hapo.

Wastaafu wa Posta na Simu nao wapo, tele, na wanapenda kuongea. Waulize kazi ilivyofanyika, nani alikuwa bosi wa nani, waya ulipita wapi. Tarehe watakazokutajia zipeleke kwanza kwenye Gazeti la Serikali, ndipo uziingize kwenye safu ya kwanza.