Masanduku ya mapishi Uingereza: kuruka wiki si kujitoa

Nilifuta programu ya kampuni ya masanduku kwenye simu nikadhani nimejitoa. Hapo ndipo nilipoliwa.

Wewe uliyetua huku juzi utakutana na watu wa kampuni hizi tu: kijana mchangamfu nje ya stesheni anakugawia kadi ya punguzo. Sanduku la vyakula vilivyopimwa, na karatasi ya mapishi, mpaka mlangoni. La kwanza nililipa pauni 15, milo mitatu ya watu wawili. La pili likaja kwa 42.

Kujiandikisha ni dakika tano: anwani, kadi ya benki, siku ya kuletewa. Ila jua kwamba hujanunua sanduku, umejisajili. Usipogusa kitu, wiki ijayo linakuja jingine na kadi inakatwa. Kwetu kifurushi cha data kikiisha kimeisha. Pale Kalerwe, sokoni Kampala, hakuna mwenye nyanya atakayekufuata nyumbani wiki ijayo akachomoa pesa mfukoni mwako.

Mwaka jana nilikwenda Bombo, Uganda, kwenye harusi, wiki tatu. Nikaruka wiki moja, yaani nikawaambia wiki hiyo wasilete, nikafuta programu, nikapanda ndege. Siku ya mwisho jirani akanitumia picha: masanduku mawili mlangoni, la chini limelowa chapachapa, samaki ananuka mpaka kwenye ngazi. Pauni 84. Nilipopiga simu nikaambiwa niliruka, sikujitoa. Tena oda hufungwa siku kadhaa kabla ya kuletewa, kwa hiyo hata nikijitoa muda huo, la wiki hiyo lazima nilipe.

Narudia: kuruka si kujitoa. Kufuta programu si kujitoa. Hata kupata kadi mpya si kujitoa, maana mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, huweza kuwapa wafanyabiashara namba mpya bila wewe kujua. Ingia kwenye akaunti, futa usajili, vumilia maswali yao ya kubembeleza, usitoke mpaka barua pepe ya kuthibitisha ifike. Wakikuzungusha, iambie benki umeondoa idhini. Uingereza benki inatakiwa kuyasimamisha malipo hayo.

Shangazi yangu aliona picha ya sanduku akatangaza ukoo mzima kwamba nimepata mpishi. Shangazi, napika mwenyewe! Wamenipimia tu: kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, gramu 150 za mchele kwa watu wawili. Kwetu hicho ni cha kuonjea chumvi. Wenyeji wa huku wengi wanaishi mmoja mmoja au wawili, nusu kitunguu ikibaki inawanyima usingizi. Sisi tunapika tukijua kuna mtu atabisha hodi.

Kama unafanya zamu za usiku na ungeishia kununua chipsi, pauni saba kwa sahani si mbaya. Vinginevyo ni hasara. Mimi Mwislamu nilikuwa nachagua samaki na mboga tu, kwa kuwa nyama yao haikuwa halali. Hapa Leicester, kwa pesa hiyohiyo napata matoke, mihogo na maharage ya siku nne. Mwaka 1972 baraza la mji huu lilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba Wahindi waliofukuzwa na Amin wasije. Wakaja, wakafungua maduka, na leo mji unajivunia.

Ukitaka punguzo, chukua. Ila usiku uleule unaojiandikisha, tafuta siku ya kufungwa kwa oda ya pili, uweke kengele kwenye simu siku mbili kabla.

Mdogo wangu amefika Coventry mwezi uliopita, tayari ana masanduku ya kampuni tatu. Nikamuuliza oda zinafungwa lini.

"Kaka, si nitafuta tu programu?"