Kusawazisha mshale wa kompresa uliyojiundia

Washa kompresa, yaani kifaa kinachopunguza sauti iliyo kubwa mno (mshale wake huonyesha imepunguza desibeli ngapi), kisha nenda ukapike chai. Nusu saa, tafadhali. Yangu ikiwa baridi mshale hutangatanga. Bila sauti kuingia, zungusha trimpoti (kirekebishi kidogo) ya sifuri kwa bisibisi ndogo hadi mshale utulie kwenye 0.

Sasa ingiza toni ya hezi 400 kutoka kwenye simu. (Multimita yangu ya bei rahisi, ya Luthuli Avenue, hudanganya ikifika 1,000.) Kizingiti (kiwango ambacho sauti ikikivuka huanza kupunguzwa) kikiwa juu kabisa, rekebisha kitufe cha sauti inayotoka upate volti 1 ya AC kwenye multimita, na usikiguse tena! Shusha kizingiti hadi multimita isome 0.5: hapo sauti imepunguzwa desibeli 6. Zungusha trimpoti ya pili mshale uonyeshe 6. Hakiki kwa 0.316, yaani desibeli 10, kisha urudie sifuri.